Ngitili za Usukuma: Nchi Iliyosanifiwa Mara Tatu

Wahenga walinena kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Methali hiyo twaijua tangu utotoni, lakini historia ya Shinyanga yatulazimu tuitazame upya: je, wingi wa mikono na wingi wa ndimi ni kitu kimoja? Nchi ile ya Wasukuma, iliyo mbali na bahari yetu, kusini mwa Ziwa Viktoria, ilisanifiwa mara tatu katika karne moja. Mara mbili za mwanzo wenyeji walitakiwa kutenda. Mara ya tatu walitakiwa pia kusema.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1920. Mbung'o walieneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mtaalamu wa Kiingereza, Charles Swynnerton, aliifanya Shinyanga kituo cha utafiti wa mdudu huyo, na kwa amri zilizopitia kwa watemi, maelfu ya watu walikwenda kufyeka na kuchoma vichaka. Nia ilikuwa kuokoa mifugo, na malisho mengi yalipatikana. Lakini ufyekaji uliendelea kwa miongo, mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakazidi, na kivuli kikatoweka.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na elimu yao. Mvua zinapoanza, mfugaji hufunga kipande cha ardhi asiingie mnyama, majani yakue na miti ichipue. Kiangazi kinapokaza, hukifungua kidogo kidogo kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Eneo hilo huitwa ngitili. Ni akiba ya majani, mfano wa ghala la nafaka.

Mara ya pili ilikuja na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, hasa 1974 na 1975. Familia zilihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja. Shule na zahanati ziliwasogelea watu, lakini ngitili zilibaki nyuma bila mlinzi. Ilipofika 1986, zilizorekodiwa mkoani kote zilikuwa hekta 600 hivi tu. Katika miaka hiyo Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo Jangwa la Tanzania.

Mwaka huo wa 1986 ndipo serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa kifupi kama HASHI, ikisaidiwa baadaye na fedha za Norway na watafiti wa kilimo mseto. Haikuanza na hekima iliyokamilika. Kwanza ilitegemea vitalu vikubwa na miche iliyochaguliwa na wataalamu. Baadaye ndipo maofisa walipokaa na wanakijiji kuuliza miti ipi wanaipenda, ipi huleta dawa, ipi hulisha nyuki, na wapi palikuwa na ngitili za babu zao. Jibu la wazee lilikuwa rahisi: mizizi ingali hai ardhini, fungeni tu mahali, miti itarudi yenyewe. Mipaka na adhabu zikakubaliwa katika dagashida, baraza la jadi, na sungusungu wakasimamia utekelezaji.

Mpango ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji 833, na makadirio yalizidi hekta 300,000. Utafiti uliochapishwa 2005 ulikisia kuwa kuni, asali, majani, dawa na mazao mengine ya ngitili yalimpatia kila mtu thamani ya dola 14 hivi za Marekani kwa mwezi.

Lakini tusiisifu mno kazi hii tukaificha kasoro yake. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alivuna zaidi. Asiye na ng'ombe alifungiwa mahali alipozoea kuokota kuni. Hata katika baraza, kauli ya tajiri husikika mapema kuliko ya mjane. Kualikwa kusema ni mwanzo. Kusikilizwa ni kazi nyingine.

Na sasa kuna dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001, na pembeni mwao wachimbaji wadogo huchimba maduara yanayohitaji magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na mkaa wa kupikia. Bukombe, iliyokuwa ndani ya Shinyanga wakati wa HASHI, ilihamishiwa Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Dagashida husimama juu ya ujirani: mtu huogopa faini kwa kuwa kesho ataonana na waliomtoza. Mchimbaji aliyetoka mbali, atakayeondoka mwamba ukikauka, ataketi katika baraza lipi?

Sisi wa visiwani swali hili si geni kwetu. Katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba, wavuvi hukubaliana kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha huifungua kwa siku moja waliyoafikiana. Bahari yao nayo ina wageni wasiohudhuria kikao. Ngitili zatufundisha kuwa mpaka hulindwa na aliyeshiriki kuuchora. Basi siku maduara ya Geita yatakapofukiwa na ardhi ile kusanifiwa mara ya nne, mchimbaji, mfugaji na mwokota kuni waitwe kabla ramani haijachorwa.