Daftari la Kura: Miaka Mia ya Baraza, Kitui na Makueni

Kabla ya bunge la kaunti, na kabla ya madiwani, Ukambani palikuwa na nzama. Wazee waliketi wakaamua kesi za ardhi, mahari na damu. Kuingia humo hakukuwa bure: mtu alipanda daraja moja baada ya jingine kwa kutoa mbuzi, na huko juu fahali. Asiye na mifugo alisubiri, na wanawake hawakuketi. Nalitaja hili mapema kwa sababu tumezoea kusimulia kana kwamba kubagua wasemaji kulikuja na meli. Waingereza nao, katika mageuzi yao makubwa ya 1832, waliwapima wapiga kura wa mjini kwa nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Mbuzi wao walikuwa wa matofali.

Sheria ya mabaraza ya wenyeji ilipitishwa mwaka 1924, na mabaraza yenyewe yakaanza kukaa mwaka uliofuata. Kitui ilikuwa na lake. Nchi tunayoiita Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, na ikabaki humo hadi 1992. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, yaani DC. Wajumbe walitoza ushuru wa wilaya, wakajadili shule, barabara na zahanati, ila sheria zao ndogo zilingoja kibali cha gavana. Kule Nairobi, walowezi wa Kizungu walikuwa wakichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1920. Mwafrika alisemewa na mmishonari hadi 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa. Kuteuliwa, si kuchaguliwa.

Kasoro ya baraza lenye DC kitini ilionekana mwaka 1938. Serikali ilidai mifugo imekuwa mingi kupita ardhi, ikaanza kuikamata na kuiuza kwa lazima. Watu hawakuona faida ya kupeleka kilio kwa mwenyekiti aliye upande wa mnunuzi. Wakaunda Ukamba Members Association, na Samuel Muindi Mbingu akawa msemaji wao. Wanaume, wanawake na watoto wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakimtaka gavana awasikilize. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kulazimisha mauzo. Leo wanaopita barabara yenye jina lake pale Nairobi ni wengi; wanaojua kwamba ugomvi ulikuwa wa ng'ombe ni wachache.

Kura yenyewe ilifika Machi 1957, na ilifika na mizani. Walter Coutts, ofisa wa serikali, alikuwa amependekeza kwamba Mwafrika apige kura kulingana na sifa zake: elimu, kipato cha pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu, na mengineyo. Mwenye sifa moja alipata kura moja. Mwenye sifa nyingi alipata hadi tatu. Kwa hiyo mwalimu aliyesoma, mwenye mshahara na miaka mingi kazini, angeweza kuwashinda kwa hesabu majirani wawili wenye kura mojamoja, na mama mlima mtama asiye na cheti wala hati hakuhesabiwa kabisa. Kinachochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba Uingereza ilikuwa imekwisha kufuta kura za ziada za wasomi na wenye biashara kwa sheria ya 1948. Nguo waliyoivua wao ndiyo tuliyovishwa sisi.

Hata hivyo watu waliivaa. Kiti kimoja kwa Ukambani nzima kikaenda kwa James Muimi, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga na Ronald Ngala. Jambo lao la kwanza lilikuwa kukataa uwaziri na kudai viti zaidi. Viti vikaongezwa mwaka 1958, na David Mumo akaingia. Uchaguzi wa 1961 ulilegeza masharti. Wa Mei 1963 ukayaondoa, na kila mtu mzima akawa na kura moja. Ukambani ikaitumia kwa ukaidi wake: viti vingi vikaenda kwa African People's Party ya Paul Ngei, si kwa KANU.

Baada ya hapo mabaraza yalipungua nguvu. Mwaka 1969 shule za msingi, afya na barabara zilirudishwa serikali kuu, madiwani wakabaki na soko na ada zake. Bungeni, mwanamke, Nyiva Mwendwa, alishinda kiti cha Kitui West mwaka 1974. Kisha ukaja mlolongo wa 1988: kusimama juani nyuma ya picha ya mgombea, chifu akikutazama. Aliyepata asilimia 70 katika foleni hakuhitaji kura ya siri tena. Hata DC wa 1925 hakuthubutu kusema foleni fupi ni ndefu.

Desemba 1992 sanduku lilirudi. Kitui Central ikamchagua Charity Ngilu, Kibwezi ikamchagua Agnes Ndetei, Kitui West ikamrudisha Nyiva Mwendwa: watatu kati ya wanawake sita waliochaguliwa nchi nzima walitoka upande huu.

Mabunge ya kaunti yalianza Machi 2013, Kitui ikiwa na wadi 40 na Makueni 30. Mwaka huohuo Kethi Kilonzo, wakili aliyekuwa ametetea kesi ya urais mbele ya Mahakama ya Juu, alitaka kurithi kiti cha useneta cha Makueni kilichokuwa cha marehemu baba yake. Akazuiwa: mahakama iliona hakuwa amesajiliwa ipasavyo kama mpiga kura. Ndugu yake, Mutula Junior, akagombea na kushinda.

Makueni ikaenda mbali zaidi. Gavana Kivutha Kibwana na bunge lake waligombana kuhusu bajeti hadi risasi zikalia Wote mwaka 2014. Wakazi wakatia saini wakiomba kaunti yao ivunjwe, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limeombwa kwingine chini ya katiba ya 2010. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ikakubaliana nao. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Wajumbe wakarudi kwenye bajeti, na wakazi wakangoja uchaguzi wa Agosti 2017.