Kutoka 5150 hadi Kioo: Historia ya Kasha la Kompyuta ya Gemu

Kasha la kompyuta, yaani sanduku linalobeba ubao mama, kichakataji, kadi ya michoro, diski na feni zake, ni kifaa ambacho wajenzi wengi wa kompyuta za gemu hukichagua mwisho kabisa na kukihukumu kwa sura. Mazoea hayo yanasikitisha, kwa kuwa karibu kila kipimo cha kasha linalouzwa leo, kuanzia nafasi iliyopo kati ya kadi moja na nyingine hadi mahali zinapoingia skrubu za ubao mama, kina asili inayojulikana, na sehemu kubwa ya asili hiyo inatokana na tatizo moja lililowasumbua wahandisi kwa miaka zaidi ya arobaini: namna ya kuliondoa joto ndani ya sanduku lililofungwa. Aliyeifuatilia historia hiyo hupata kipimo cha kupimia kasha lolote analowekewa mbele yake dukani.

Kompyuta iliyoweka msingi ni ile ya IBM yenye namba ya modeli 5150, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 baada ya kubuniwa na kikundi kidogo cha wahandisi huko Boca Raton, Florida, chini ya uongozi wa Don Estridge. Kasha lake lilikuwa bapa, lenye nguvu ya kutosha kubebeshwa skrini juu yake, na ndani yake mlikuwa na nafasi tano za kadi za nyongeza pamoja na pawasapulai, yaani kitengo kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaofaa vipuri vya ndani, yenye uwezo wa wati 63.5 tu. Kichakataji chake, Intel 8088 cha megahezi 4.77, kilitoa joto dogo kiasi kwamba hakikuhitaji feni yake wala kipoza joto, na hewa yote iliyohitajika ilivutwa na feni iliyomo kwenye pawasapulai. Bati la chuma lilitumika kwa ajili ya uimara, na pia kwa sababu Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikwishaweka masharti makali kuhusu mawimbi ya redio yanayovuja kutoka katika kompyuta na kuharibu matangazo ya televisheni za majirani. Chuma huyazuia mawimbi hayo, ilhali plastiki tupu huyaachia yapite.

Kwa kuwa IBM ilichapisha michoro ya saketi za mashine hiyo na kuijenga kwa vipuri vilivyopatikana sokoni, kampuni nyingine ziliweza kutengeneza kompyuta zinazolingana nayo, na hivyo vipimo vya kasha moja vikageuka kuwa vipimo vya dunia nzima. Mwaka 1983 ilitoka modeli ya XT, ambayo nafasi zake za kadi ziliongezwa hadi nane kwa kusogezwa karibu zaidi, kutoka inchi moja hadi karibu inchi 0.8. Uamuzi huo mdogo bado unatawala: katika makasha ya leo umbali kati ya nafasi moja na nyingine ni milimita 20.32, na muuzaji anaposema kadi fulani ya michoro inachukua nafasi tatu, anatumia kipimo kilichorithiwa kutoka kwa wahandisi wa XT.

Modeli ya AT ya mwaka 1984 ilikuwa na ubao mama mpana mno, na watengenezaji wa mashine zinazofanana nayo, wengi wao wakiwa Taiwan, walipendelea toleo lake lililopunguzwa, lililojulikana kama Baby AT, ambalo lilidumu hadi katikati ya miaka ya 1990. Makasha ya enzi hiyo yalikuwa na kasoro ambazo fundi yeyote wa wakati ule anazikumbuka. Kingo za bati ziliachwa bila kukunjwa, zikachana vidole. Swichi ya kuwashia ilikata umeme wa ukutani moja kwa moja, kwa hiyo waya wenye volti 120 au 240 ulipita ndani ya kasha kutoka pawasapulai hadi paji la mbele, na mtumiaji wa Windows 95 alilazimika kusubiri maandishi ya kumwarifu kwamba sasa anaweza kuzima mashine kwa mkono. Hatari zaidi ilikuwa katika viunganishi viwili vya umeme vya ubao mama, P8 na P9, vilivyofanana kwa umbo na kukaa bega kwa bega: vikichomekwa sawasawa, nyaya nyeusi za viunganishi vyote viwili hukutana katikati, vikibadilishana mahali, ubao mama huweza kuungua mara umeme unapoingia. Maelfu ya mafundi walijifunza kanuni ya nyeusi kwa nyeusi kabla ya kujifunza jambo lingine lolote.

Kiwango kilichoyafuta matatizo hayo kilichapishwa na Intel mwaka 1995 kwa jina la ATX. Kwa maneno machache, ATX iliuchukua mpangilio wa Baby AT na kuugeuza kwa robo mduara, ikauweka ubao wenye upana wa milimita 305 na kina cha milimita 244, ikakusanya matundu ya kibodi, kipanya na printa mahali pamoja nyuma ya kasha, na ikakiondoa kichakataji katika njia ya kadi ndefu. Viunganishi viwili vya umeme vilifanywa kimoja chenye pini 20 kisichoweza kuchomekwa kinyume, na swichi ya mbele ikawa kitufe kinachotoa ishara tu, huku pawasapulai ikiendelea kutoa volti tano kidogo hata mashine inapozimwa, ili programu iweze kuizima na kuiwasha yenyewe.

Hata hivyo, waandishi wa ATX walikosea katika jambo moja, na kosa lao linafundisha kuliko mafanikio yao. Toleo la kwanza lilipendekeza feni ya pawasapulai ipulize hewa kuelekea ndani, moja kwa moja juu ya kichakataji, kwa matumaini kwamba feni moja ingetosha kupoza vyote viwili. Hewa hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imekwisha kupita juu ya vipuri vya pawasapulai na kupata joto kabla ya kukifikia kichakataji, ambacho nacho kilizidi kuwa cha moto mwaka baada ya mwaka. Matoleo yaliyofuata yakageuza mkondo, feni ikawa ya kutoa hewa nje, na tangu hapo ikakubalika kwamba hewa baridi iingie kwa mbele chini na hewa ya moto itoke kwa nyuma juu. Karibu kila kasha zuri lililokuja baadaye limejengwa juu ya kanuni hiyo.

Hadi hapo kasha lilikuwa chombo cha ofisi, chenye rangi ya krimu na sura isiyomvutia mtu. Wachezaji wa gemu ndio waliolibadilisha. Kadi ya michoro ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx ilipotoka mwaka 1996, na baada ya wachezaji kugundua kwamba kichakataji cha Celeron 300A cha mwaka 1998 kingeweza kukimbizwa hadi megahezi 450, yaani nusu zaidi ya kasi yake ya kiwandani, joto lilianza kuwa suala la mtu binafsi nyumbani kwake. Vijana walikata matundu ya feni katika bati kwa misumeno ya mkono, wakafungua madirisha ya plastiki angavu ubavuni, wakaweka taa ndani. Mikusanyiko ya wachezaji waliobeba kompyuta zao na kuziunganisha kwa nyaya ukumbini, kama DreamHack ya Uswidi na QuakeCon ya Texas iliyoanza mwaka 1996, iliwapa watu hao hadhira, na pia iliwapa sababu ya kutaka kasha jepesi. Lian Li ya Taiwan ilijipatia jina kwa makasha yake ya alumini, ambayo yalikuwa mepesi kuliko ya chuma na yamekunjwa kwa ustadi ambao soko halikuwa limeuzoea.

Mwaka 2004 vichakataji vya Pentium 4 vilivyopewa jina la Prescott vilifikia zaidi ya wati mia moja, na Intel ikajaribu kubadilisha mpangilio mzima kwa kiwango kipya kilichoitwa BTX. Ndani yake kichakataji kiliwekwa mbele, karibu na feni kubwa, hewa ikapita juu yake kwa mstari ulionyooka kisha ikaendelea hadi kwenye kadi ya michoro. Kwa upande wa uhandisi BTX ilikuwa sahihi, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Ilishindwa kwa sababu ilimtaka mnunuzi abadilishe ubao mama na kasha kwa pamoja, wakati ambapo vichakataji vipya vya Core 2 vya mwaka 2006 vilitumia umeme kidogo na kuondoa shida iliyoizaa. Isipokuwa kampuni chache kubwa kama Dell na Gateway, soko liliipita.

Watengenezaji wa makasha walichukua mafunzo ya BTX bila kuvunja ATX. Antec P180 ya mwaka 2005, iliyobuniwa kwa ushauri wa Mike Chin, mwandishi mashuhuri wa masuala ya kompyuta zisizo na kelele, iliishusha pawasapulai kutoka juu hadi chini na kuipa chumba chake, ili joto lake lisichanganyike na la kichakataji. Mbavu zake zilikuwa za tabaka tatu ili kunyonya mtetemo. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ilitoa Nine Hundred, iliyofuata njia kinyume kabisa, uso wake ukiwa wavu mtupu na feni ya milimita 200 ikiwa juu ya kasha. Kwa upande wa nyaya, kebo pana na bapa za diski, ambazo zilikuwa na upana wa vidole vitatu na kuziba hewa kama pazia, zilianza kutoweka mara kebo nyembamba za SATA zilipoingia mwaka 2003, na wabunifu wakaanza kuacha nafasi nyuma ya ubao mama ili nyaya zilizobaki zipite huko.

Badiliko kubwa lililofuata lilitokana na kitu kilichoondoka. Gemu zilipoanza kununuliwa kupitia intaneti, kisoma sidii hakikuwa na kazi tena, na NZXT H440 ya mwaka 2014 ilithubutu kuondoa kabisa nafasi zake na kuifunika pawasapulai kwa bati. Uso wa mbele ukabaki huru. Uhuru huo ungeweza kutumika kwa ajili ya hewa, lakini kuanzia kama mwaka 2016 sehemu kubwa ya soko iliutumia kwa kioo kilichoimarishwa kwa moto. Kioo kinapoziba uso wa kasha, feni za mbele hubaki zikivuta hewa kupitia mwanya mwembamba wa pembeni, huzunguka kwa kasi na kelele, na bado hazileti hewa ya kutosha. Miaka hiyo ilikuwa ya kurudi nyuma, hata kama picha zake zilipendeza. Meshify C ya Fractal Design ya Uswidi, iliyotoka mwaka 2017, ilirudisha wavu mbele, na ilipofika mwaka 2020, Corsair ilipotoa 4000D Airflow, wavu ulikuwa umekuwa sharti la kasha lolote linalotaka kusifiwa. Makasha kama O11 Dynamic ya Lian Li, ya mwaka 2018, yalipata suluhu nyingine: kioo mbele na ubavuni, hewa ikiingizwa kwa chini na kwa ubavu wa pili.

Makasha madogo yana historia yao, iliyoanza pale kampuni ya VIA ilipotoa mwaka 2001 kiwango cha Mini-ITX chenye ubao wa milimita 170 kila upande. Hapa inatosha kutaja kwamba udogo una gharama. Mwaka 2021 NZXT iliyarejesha kutoka sokoni makasha yake madogo ya H1 kwa sababu skrubu za kadi ya kuunganishia kadi ya michoro zingeweza kusababisha mzunguko mfupi wa umeme na hatimaye moto.

Mzigo wenyewe wa joto umekua kupita kiasi. Kadi ya GeForce RTX 4090 ya mwaka 2022 inatumia hadi wati 450, yaani mara saba ya umeme wote ambao pawasapulai ya 5150 iliweza kutoa, na toleo la Nvidia yenyewe lina urefu wa milimita 304 na unene wa nafasi tatu. Joto hilo lote huishia chumbani, na hakuna feni inayoweza kukifanya kipuri kiwe baridi kuliko hewa inayokizunguka. Kwa hiyo katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzi 32, kipuri huanzia nyuzi kumi juu ya kile kilichopimwa katika chumba cha nyuzi 22 huko Ulaya. Vumbi nalo huongeza mzigo. Mahali penye vumbi ni busara feni zinazoingiza hewa zizidi kidogo zinazoitoa, ili hewa ya ndani isukumwe nje kupitia kila upenyo na vumbi liingie pale tu penye kichujio, na kichujio hicho kiwe cha kuchomoka bila bisibisi, kwani kisichochomoka kwa urahisi hakisafishwi.

Anayekusudia kununua kasha leo na aanze kwa kuutazama uso wake wa mbele na kuuliza hewa inaingilia wapi, kisha apime urefu wa kadi yake ya michoro pamoja na nafasi ya kukunja waya wake wa umeme, kisha urefu wa kipoza joto cha kichakataji, na vichujio. Akiridhika na hayo, ndipo achague rangi.