Krismasi ya Mkunazini

Mwaka tuliomzika baba, Krismasi ilitukuta na tanga halijapoa. Sikwenda kanisani. Niliona ni unafiki kuimba nyimbo za furaha wakati kiti chake kiko kitupu. Kilichonirudisha kwenye sikukuu hii miaka ya baadaye si mahubiri, ni historia ya kanisa moja pale Unguja.

Hebu turudi nyuma kidogo, ndugu msomaji. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akibanwa na Waingereza, alikubali mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la mjini lilikuwa Mkunazini. Miezi sita tu baadaye, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa palepale. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, yuleyule tunayemjua wapenzi wa lugha kwa vitabu vyake vya sarufi na ngano za Kiswahili. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Mpaka leo husimuliwa kwamba madhabahu imesimama mahali watumwa walipokuwa wakifungwa na kuchapwa.

Hadithi hii huwa inasimuliwa kama ushindi: soko limefungwa, kanisa limejengwa, kwisha. Nami niliipokea hivyo hivyo, mpaka nilipohesabu miaka. Mkataba ule ulifunga soko, haukufuta utumwa. Umiliki wa watumwa uliendelea kuwa halali Unguja hadi 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuufuta. Hata hapo, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake.

Sasa fikiria Krismasi ile ya 1877. Misheni ilikuwa ikilea watu waliookolewa kutoka majahazini, huko Kiungani na Mbweni. Wao walikuwa huru, lakini si mbali na hapo, kwenye mashamba ya karafuu, watu walikuwa bado mali ya watu wengine. Miaka 20 ilikuwa imebaki. Je, kuimba siku ile kulikuwa unafiki?

Zamani ningejibu ndiyo. Siku hizi nasita. Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu. Kumbukumbu ya zamani kabisa tuliyonayo ya 25 Desemba inatoka Roma, katika kalenda ya mwaka 354. Siku ilichaguliwa na watu, kama Mkunazini palivyochaguliwa. Lakini simulizi yenyewe ya Mathayo haifichi jambo: mtoto kazaliwa, na Herode bado yuko kwenye kiti chake, tena na upanga. Wazazi wanakimbilia Misri usiku. Krismasi ya kwanza kabisa haikungoja mambo yatengemae.

Mimi nilikuwa nangoja. Nilidhani sikukuu ni ya waliokwisha kupona, na mwenye donda akae nyumbani mpaka likauke. Mkunazini walianza kuimba donda likiwa bado wazi, juu ya mahali lilipochimbwa.

Krismasi iliyopita nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma alilopenda baba. Wimbo wa kwanza sauti haikutoka. Wa pili, ilitoka kidogo.