Mnada Usio na Sauti: Bei ya Kikomo na Chai ya Njombe

Neno mnada ni ndugu wa kitenzi kunadi, na asili yao wote wawili ni Kiarabu, lugha ambayo maana yake ndani yake ni kuita kwa sauti. Dalali naye jina lake latoka huko huko. Kwa hiyo, kwa mujibu wa lugha, mnada usio na sauti ni kama ngoma isiyo na mlio. Walakini ndivyo minada mikubwa ya zama zetu ilivyo. Mnunuzi wa chai huketi mbele ya kompyuta, huandika tarakimu, na shehena iliyochumwa kwa mikono ya watu wa Lupembe au Luponde hubadili mwenyewe pasipo mtu yeyote kufumbua kinywa.

Katika historia ya minada nataka kuangalia jambo moja tu, nalo ni bei ya kikomo: bei ambayo mwenye mali amekusudia kutouza chini yake. Watu wengi huidhani kuwa ni ngao ya mnyonge. Mimi naona kuwa ngao hiyo haibebwi ila na mtu awezaye kungoja, na mkulima wa majani mabichi ni mtu asiyeweza kungoja hata siku moja.

Chai ilianza kunadiwa London mwaka 1679, chini ya Kampuni ya India ya Mashariki. Zama hizo ilikuwa desturi kuuza kwa mshumaa: kipande cha urefu wa inchi moja kiliwashwa, na mtu aliyetaja bei ya mwisho kabla mwali haujazimika ndiye aliyeichukua mali. Samuel Pepys, aliyekuwa karani katika mambo ya jeshi la majini la Uingereza, ameeleza katika kumbukumbu zake za Septemba 1662 habari za mnada wa namna hiyo, mali yenyewe ikiwa ni merikebu kuukuu. Mtu mmoja aliyekuwa mwerevu kuliko wenziwe alimfunulia siri: mwali ukikaribia kufa moshi wake hushuka, naye huungoja moshi ushuke ndipo aseme.

Miaka mia tatu na zaidi ikapita, mshumaa ukageuka saa. Mnada wa eBay ulioanzishwa Marekani mwaka 1995 ulifungwa kwa saa iliyotangazwa, na wanunuzi wakarudi katika werevu ule ule wa moshi. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, walitangaza utafiti waliolinganisha ndani yake minada ya eBay na ile ya Amazon, ambayo muda wake uliongezwa kila mtu alipotaja bei karibu na mwisho. Katika eBay waliona bei nyingi zikimiminika dakika za mwisho. Katika Amazon haikuwa hivyo. Maana yake ni kwamba mnunuzi hana haraka kwa tabia yake wala hana uvivu. Huzifuata kanuni za mnada, na kanuni zikimruhusu kuificha tamaa yake, ataificha.

Muuzaji naye huficha. Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha mshairi Goethe wa Ujerumani. Mwaka 1797 alikuwa na utenzi wake, Hermann und Dorothea, akitaka kuuuza kwa mchapishaji aitwaye Vieweg. Hakutaja bei. Aliiandika katika karatasi, akaifunga kwa lakiri, akampa wakili wake Böttiger, akamwambia mchapishaji ataje bei yake. Ikiwa chini ya ile ya siri, biashara hakuna. Ikiwa sawa au juu, Goethe atapokea ile ya siri tu. Alitaka kujua thamani yake machoni pa mchapishaji. Bahati mbaya wakili alivujisha siri, na Vieweg akataja taler 1,000 kamili, kiasi kile kile kilichokuwa ndani ya bahasha. Goethe alipata fedha yake, lakini hakuyapata maarifa aliyoyatafuta.

Yafaa kuuliza: ujasiri ule wa kufunga bei katika bahasha aliupata wapi? Aliupata mezani pake. Kama Vieweg angalitaja kidogo, utenzi ungalirudi katika saraka, na mwaka wa pili ungalikuwa utenzi ule ule. Roger Myerson aliipa fikra hiyo umbo la hesabu mwaka 1981, alipoonyesha jinsi muuzaji anavyopaswa kuichagua bei ya kikomo. Hesabu yake huanza na swali jepesi: mali ikikosa mnunuzi, ina thamani gani kwako wewe mwenyewe? Kikomo hupandishwa juu ya thamani hiyo, muuzaji akikubali hatari ya kurudi nyumbani na mali yake.

Sasa twende Njombe na swali hilo. Jani la chai likichumwa asubuhi latakiwa kufika kiwandani siku ile ile. Likikawia hujipasha joto ndani ya gunia, likageuka rangi, na thamani yake huharibika nalo. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo zipatazo nne na nusu za majani mabichi. Na jani lisipochumwa halingoji mtini kama embe. Hukomaa, likawa gumu, halifai. Kwa hiyo jibu la mkulima kwa swali la Myerson ni sifuri, au karibu na sifuri, kabla jua halijachwa. Ni kweli kwamba Serikali hutangaza bei ya chini ya majani mabichi. Lakini tangazo haliwezi kumlazimisha mwenye kiwanda kuwasha mashine.

Chai ikishakauka hupata uvumilivu kidogo. Hupakiwa katika magari, hushuka kilomita zipatazo 60 mpaka Makambako, mahali barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na Dar es Salaam, na reli ya TAZARA ikipita hapo hapo. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Ule wa London ulifungwa Juni 1998, na Mombasa ikabaki kuwa mlango wa chai ya nchi nyingi: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nyinginezo, zote zikiuzwa kwa dola. Nyundo ya Mombasa ilinyamaza mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mnada ulipohamia katika kompyuta. Novemba 2023 Tanzania ikafungua mnada wake Dar es Salaam, kwa mitambo ya Soko la Bidhaa Tanzania.

Julai 2021 chama kikuu cha viwanda vya wakulima wadogo wa Kenya, KTDA, kiliweka kikomo cha dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, na mwanzoni bei zilipanda. Lakini meza ya Mombasa haina muuzaji mmoja. Juu ya meza hiyo hiyo ilikuwako chai isiyo na kikomo, ya mashamba makubwa na ya nchi jirani, na mnunuzi hakuapa kunywa ya KTDA peke yake. Chai iliyokosa mnunuzi ilirudishwa ghalani, ikaletwa tena mnadani, ikarudishwa tena. Mamilioni ya kilo yakarundikana. Walioumia zaidi walikuwa viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, ambavyo chai yao soko liliithamini chini ya ile ya mashariki, na huku kikomo kilikuwa kimoja kwa wote. Mwaka 2024 kikomo kikaondolewa. Kinachonishangaza si kuondolewa kwake, bali ni kwamba kilidumu miaka mitatu: kilidumu kwa sababu chai kavu yaweza kukaa ghalani. Jani bichi lisingalidumu siku tatu.

Kusini ya Tanzania kisa kilikuwa cha namna nyingine. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi walizikataa bei za mnada, zilizokuwa kati ya shilingi 1,900 na 2,700. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likisomba. Kikomo kikamhamia mnunuzi mwenye ghala kubwa kuliko yote. Lakini Serikali nayo ilikuta kwamba ghala lililojaa humtafuta mnunuzi, nao wanunuzi walikuwa ni wale wale.

Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionyesha mwaka 1996, kwa hesabu zao, kwamba muuzaji mwenye mnunuzi mmoja zaidi katika mnada usio na kikomo hupata, kwa wastani, zaidi ya muuzaji aliyechagua kikomo kwa ustadi wote bila ya mnunuzi huyo. Masharti ya hesabu hiyo si hali halisi ya kila soko, nakubali. Hata hivyo, kwa mnada mchanga kama wa Dar es Salaam, ningependa kwanza kuhesabu watu walio mbele ya kompyuta, kisha ndipo niulize kikomo ni dola ngapi.

Na pale pasipo mnada kabisa? Viazi vya Njombe huuzwa kwa gunia, mara nyingi shambani, kwa mapatano na dalali. Huko mkulima aweza kushikilia bei yake asiteremke hata shilingi, na dalali asibishane naye. Huongeza kilemba juu ya gunia, kikashonwa kwa kamba, ndiyo lumbesa iliyopigwa marufuku mara nyingi. Bei imesimama palepale, gunia limerefuka. Gari linangoja barabarani na mvua inanyesha.