Seydou Keïta na Studio ya Bamako

Seydou Keïta alikuwa seremala kabla ya kushika kamera. Mwaka 1948 alifungua studio uani kwao mjini Bamako, karibu na stesheni ya reli, Mali ikiwa bado koloni la Ufaransa. Wateja walifuata picha nzuri ya kutuma kwa jamaa. Hakuna aliyelipia sanaa.

Hata hivyo, sanaa hiyo ililelewa na biashara yenyewe. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Ilibidi kila kitu kikae sawa kabla ya kubofya: kichwa kimeinama kidogo, vidole vimetulia juu ya paja, saa ya mkononi inaonekana. Saa hiyo huenda ilikuwa ya studio, kama zilivyokuwa redio na suti walizoazimwa wateja. Pazia la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake. Alilibadilisha kila baada ya miaka michache, na baadaye mapambo ya mapazia yakamsaidia kukumbuka picha ilipigwa lini.

Baada ya uhuru wa 1960 serikali ilimwajiri, na studio ikafungwa. Mshahara ulikuwa wa uhakika, lakini kazi zake bora zilibaki zile za uani. Hasi za picha hizo alizitunza. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake, dhuluma isiyo ndogo. Mwaka 1994 Paris ikamfanyia maonyesho yake mwenyewe. Alifariki mwaka 2001.