Mhadhara na Maabara: Lugha katika Historia ya Kozi ya Awali ya Biolojia

Ikisiri

Kozi ya awali ya biolojia inayofundishwa vyuoni kwa mihadhara na kazi za maabara ilichukua umbo lake London katika miaka ya 1870, ikafika Afrika Mashariki kupitia uhusiano wa vyuo vyetu na Chuo Kikuu cha London. Makala hii inaifuatilia historia hiyo kwa jicho la lugha. Hoja yake ni kwamba maandalizi ya Kiswahili kwa ajili ya biolojia yameelemea nomino za mhadhara kuliko vitenzi vya maabara, ilhali waasisi wa kozi hiyo waliijenga juu ya maabara. Inapendekezwa kwamba mjadala wa lugha ya kufundishia sayansi uanzie pale kozi yenyewe ilipoanzia.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi katika elimu ya juu kwa kawaida huanza na swali moja: je, lugha hii ina istilahi za kutosha? Swali hilo lina mantiki, lakini limebeba dhana ambayo haichunguzwi sana, yaani kwamba somo la sayansi ni jumla ya majina yake. Historia ya kozi ya awali ya biolojia inaonyesha vinginevyo. Kozi hiyo ilibuniwa ili kupinga ufundishaji wa majina matupu, na chombo cha kuupinga kilikuwa maabara.

Istilahi za Kiswahili zenyewe zina la kusema hapa. Neno mhadhara limetokana na mzizi wa Kiarabu uliotupatia pia hadhira na hudhuria. Kiini cha maana yake ni kuwapo. Nadharia, ambayo huwekwa mkabala na vitendo, ina mzizi wenye maana ya kutazama. Kwa asili yake, basi, msamiati huu hautenganishi kusikiliza na kuona kwa kiasi ambacho ratiba za vyuo hutenganisha.

2.0 Kuzaliwa kwa kozi

Neno biolojia lilianza kutumika kwa maana yake ya sasa mwanzoni mwa karne ya 19, katika maandishi ya Lamarck nchini Ufaransa na Treviranus nchini Ujerumani. Hata hivyo, kwa miongo mingi baadaye vyuo viliendelea kufundisha botania na zoolojia kama masomo mawili. Mwanafunzi alisikiliza, akatazama michoro na vielelezo mezani kwa mwalimu, akaondoka. Aliyeshika kisu alikuwa mwalimu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na T. H. Huxley. Mwaka 1871 aliendesha kozi ya kiangazi huko South Kensington, London, akisaidiwa na wanasayansi vijana, miongoni mwao Michael Foster na E. Ray Lankester. Waliohudhuria walikuwa walimu wa shule. Walisikiliza mhadhara, kisha wakakaa kwenye meza za kazi kuchunguza kwa macho na mikono yao kile walichokuwa wamekisikia. Mwaka 1875 Huxley na H. N. Martin walichapisha kitabu cha mafunzo ya vitendo kilichotokana na utaratibu huo. Mwaka uliofuata Martin alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akaupeleka utaratibu huo Marekani.

Muundo wa kitabu hicho ni muhimu kwa mwanaisimu. Kila sura ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo yenye sentensi ndefu za taarifa. Ya pili ni maagizo ya maabara, yaliyopangwa hatua kwa hatua na kutawaliwa na vitenzi vya kuamuru: kata, weka, tazama, chora. Sura moja, sajili mbili. Mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa ameijua sura hadi amezipitia zote.

Viumbe vilivyochaguliwa vilikuwa vichache na vya kuwakilisha makundi: hamira, mwani wa seli moja, amiba, bakteria, ukungu, kangaga, mharagwe, hidra, kome wa maji baridi, kamba wa maji baridi, chura na vingine vichache. Toleo la kwanza lilianza na viumbe sahili na kupanda hadi chura. Toleo la 1888, lililohaririwa na Howes na Scott, liligeuza mpangilio na kuanza na chura. Msingi wa mabadiliko hayo ni wa kifundishaji: mwanafunzi aanze na mnyama anayemfahamu, wa kuonekana kwa jicho tupu, kabla ya kuingizwa katika ulimwengu wa hadubini.

3.0 Kozi inafika Afrika Mashariki

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Wahitimu wake wakatunukiwa shahada za London. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria na wanafunzi 13, nacho kilifuata taratibu za London; Kitivo cha Sayansi kilianzishwa mwaka 1965. Kwa njia hiyo mji ulioizaa kozi ya mhadhara na maabara ndio uliosimamia viwango vyake huku.

Umbo la kozi lilisafiri vyema kuliko viumbe vyake. Kamba wa maji baridi ambaye Huxley alimwandikia kitabu kizima hana asili katika bara la Afrika. Ndugu zake wa karibu wapo Madagaska, na wale wa Ziwa Naivasha waliletwa kutoka Amerika mwaka 1970. Viumbe huweza kubadilishwa: mende na panzi wapo kila mahali. Lugha ilikuwa suala gumu zaidi. Mwalimu aliyehudhuria South Kensington alikwenda maabara akiwa na lugha yake ya nyumbani, na jina jipya la Kigiriki au Kilatini lilimjia likiwa limezungukwa na maneno aliyoyazoea. Mwanafunzi wa Makerere au Dar es Salaam alipokea yote mawili kwa mkupuo, jina la kitaalamu na lugha iliyolizunguka. Chura aliyemfahamu tangu utotoni aliwekwa mbele yake kana kwamba wanakutana mara ya kwanza.

4.0 Nomino za mhadhara

Baada ya Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania mwaka 1967, ilitarajiwa kwamba hatua ya sekondari ingefuata. Waraka wa wizara wa mwaka 1969 kwa wakuu wa shule uliitaja biolojia miongoni mwa masomo ambayo yangeanza kufundishwa kwa Kiswahili. Siasa ilifundishwa hivyo, biolojia haikufika. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza tena mabadiliko hayo hadi chuo kikuu, na serikali haikuyatekeleza.

Kazi iliyoendelea ni ya istilahi. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ziliweka msingi uliozaa, mwaka 1990, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Haya ni mafanikio makubwa. Usanisinuru ni neno linalojieleza kwa msikilizaji kuliko lile la Kigiriki linalolitafsiri. Hadubini inakaa vyema kando ya darubini. Utando, uliozoeleka kwa buibui, na kiini, kilichozoeleka katika yai, vimepewa kazi ndani ya seli bila kupoteza maana zake za zamani.

Tukiirudia orodha ya Huxley, jambo jingine linajitokeza. Hamira, ukungu, kangaga, haragwe, kome, kamba na chura vina majina ya siku nyingi. Yaliyokopwa, kama vile amiba, bakteria na hidra, ni ya viumbe ambavyo bila ya kioo cha kukuzia ni vigumu kuvibaini, na Kiingereza nacho kilikopa katika eneo hilohilo. Pengo la majina, kwa hiyo, halikuwa la Kiswahili peke yake, bali la jicho la binadamu kabla ya hadubini.

Hata hivyo, kamusi ya istilahi kwa asili yake huorodhesha dhana, na dhana nyingi huvikwa nomino. Mwanafunzi anaweza kukariri fasili ya usanisinuru bila kuwa na sentensi hata moja ya kueleza jani lililo mbele yake limefanya nini.

5.0 Vitenzi vya maabara

Jaribio la kupima wanga katika jani linatosha kuwa mfano. Maagizo yake yanaweza kuandikwa hivi: Chemsha maji, litumbukize jani kwa muda mfupi. Zima moto. Lihamishie kwenye spiriti, katika chombo kilichosimamishwa ndani ya maji moto, hadi rangi ya kijani iishe. Lisuuze, litandaze, lidondoshee iodini. Maneno ya kukopa yanayohusu kemikali ni mawili tu, spiriti na iodini. Vitenzi vyote ni vya jikoni na uani.

Zaidi ya hayo, mnyambuliko wa Kiswahili hubainisha jambo ambalo maabara hulihitaji sana: kutenganisha kitendo cha mchunguzi na badiliko la kitu chenyewe. Mwanafunzi huchemsha, maji huchemka. Yeye huyeyusha, chumvi huyeyuka. Yeye huumua unga, unga huumuka. Njeo nazo zina mchango wao: jani lililochemshwa limegeuka bluu iliyokoza ni taarifa ya kilichoonekana, basi lina wanga ni hitimisho. Kumzoesha mwanafunzi kutochanganya sentensi hizo mbili ndiyo kazi kuu ya ripoti ya maabara, na sarufi ya kumsaidia anayo tayari.

6.0 Hitimisho

Wapo wanaohofu kwamba Kiswahili kitamtenga mwanafunzi na machapisho ya kimataifa. Hofu hiyo ina uzito katika ngazi za utafiti. Kozi ya awali ni jambo tofauti: hapo ndipo uelewa hujengwa au hukosekana, na majina ya Kilatini ya viumbe hubaki yaleyale katika kila lugha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 nchini Tanzania ilitoa nafasi ya kutumia lugha zote mbili.

Mahali pa kuanzia pia papo. Vyuo vya ualimu wa shule za msingi vimefundisha kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa, sayansi ikiwemo, na darasa la kwanza la Huxley lilikuwa la walimu wa shule. Kinachodaiwa sasa ni mwongozo wa maabara wenye kuamrisha, kuuliza na kudai ripoti kwa Kiswahili, kisha upimwe mezani mbele ya wanafunzi. Kamusi imekwisha kutangulia. Bila mwongozo huo, istilahi zitaendelea kuhesabiwa, na mwanafunzi ataendelea kujua jina la kitu ambacho hajawahi kukisemea.