Boxer Katika Barabara ya Malindi

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka wa 1991, aliyekwenda Mombasa alisubiri feri kwenye mlango wa bahari, Mnarani ng'ambo. Wakati huo pikipiki tuliziona kwa mabwana shamba na mapadri tu. Sisi wengine tulikanyaga baiskeli za Black Mamba, keria imejaa nazi au abiria.

Mambo yaligeuka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Boxer na TVS za India zikamiminika, na za Kichina zilizokuwa rahisi zaidi. Mimi nilikuwa nikitoka Matsangoni kwenda kufundisha Malindi kila siku, nikachukua Boxer ya cc 100. Wenzangu wa cc 150 walinicheka. Wacheke tu, petroli walinunua wao. Cheni, plagi, kebo ya klachi, vyote nilivipata hata Gede. Na huku pwani chumvi hula rimu na ekzosi bila huruma, basi spea ya karibu naipendelea kuliko mbio. Zile za Kichina? Bei tamu, lakini fundi alikuwa akizibahatisha spea za pikipiki nyingine mpaka moja ikubali.